Ziwa Moja, Vitabu Vitatu vya Jinai

Alfajiri, mitumbwi ya Mbamba Bay inaporudi na usipa wa usiku, taa zake zikiwa bado hazijazimwa zote, wachuuzi na wake wa wavuvi huingia majini mpaka magotini kuupokea kwa ndoo na masinia, wakapatana bei papo hapo kabla jua halijapanda na kabla chanja za kuanikia hazijajaa. Na hapo waliposimama, kwa mujibu wa ramani moja, wangali Tanzania, na kwa mujibu wa ramani nyingine wamekwisha kuvuka mpaka na kuingia Malawi bila ya pasi wala ruhusa. Ramani ya kwanza huupitisha mpaka katikati ya Ziwa Nyasa. Ya pili hushikamana na mkataba ambao Uingereza na Ujerumani zilitiliana saini tarehe 1 Julai 1890, ikauweka ufukoni kabisa, pale wimbi linapolamba mchanga. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere na Dk. Hastings Kamuzu Banda walitofautiana hadharani kwa ajili ya mstari huo, na watoto wa Liuli na Lituhi wakaendelea kuoga ndani yake.

Sikuyataja maji haya kwa kutaka kukata shauri la mpaka, ambalo limewashinda watu wenye elimu na madaraka kuliko mimi. Nimeyataja kwa sababu nchi tatu zilizolizunguka ziwa hili zina hukumu tatu kwa jambo moja, ambalo waungwana hulitaja kwa sauti ya chini, nalo ni mapenzi ya watu wa jinsia moja. Mwanamume anayepatikana na tendo hilo na mwanamume mwenzake, hata kama wote wawili wameridhiana, hukabiliwa Tanzania na kifungo kisichopungua miaka 30, ambacho chaweza kuwa cha maisha. Malawi hukabiliwa na kifungo kisichozidi miaka 14. Na Msumbiji, ambayo ufuko wake huanzia pale kijiji cha Chiwindi kinapoishia, hakabiliwi na kifungu chochote cha jinai. Ni halali ya msomaji kuuliza tofauti hii ilitoka wapi, maana haikuletwa na upepo wa mwera.

Jawabu la haraka, ambalo husikika vijiweni na mimbarini sawasawa, ni kwamba kila nchi imefuata mila zake. Jawabu hilo lingetosha lau mila zingekuwa zinaishia penye vituo vya forodha. Lakini mtu anayeshuka kutoka Mbinga kwa ile barabara ya kilomita 66, akaiacha nyuma milima ya Wamatengo yenye mashamba ya ngoro yaliyochimbwa vishimo vishimo mithili ya sega la nyuki, hufika kwenye ufuko ambao wenyeji wake wana ndugu ng'ambo zote mbili: lugha ya Wanyasa wa Mbamba Bay na ile ya Wanyanja wa Cobué na Likoma ni lugha za watu wanaoelewana bila ya mkalimani, harusi na misiba huvuka maji, na usipa uliokaushwa juani huliwa kwa ugali ule ule kila upande. Milimani nako Wamatengo walikuwa na sengu, baraza la ukoo ambamo watu walikusanyika kwa mzee wao kula pamoja, kila nyumba ikileta chakula chake, na baada ya kunawa wakashauriana juu ya mipaka ya ntambo, yaani kilima cha ukoo, juu ya kijana asiyetaka kulima, juu ya ndoa iliyoingia ufa. Sengu haikuwa na daftari la makosa yenye tarakimu pembeni. Iliuliza nani amekosana na nani, na lifanyike jambo gani ili watu waweze kula tena pamoja kesho. Na kwa mantiki hiyo, jambo la faragha lisilo na mdai lilikosa mlango wa kuingilia barazani. Sisemi kwamba lilipendwa. Nasema kwamba baraza la namna hiyo halingeweza kutamka miaka 30, kwa sababu halikuwa na gereza wala halikuihesabu adhabu kwa miaka.

Wengine husema ni dini. Nao pia wasikilizwe, kisha waulizwe ni dini ipi, maana ufuko wote huu uliinjilishwa kutoka kisiwa kimoja. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA waliweka makao Likoma katika miaka ya 1880. Chauncy Maples, mmoja wa waanzilishi, alizama ziwani mwaka 1895 akirudi huko hali amekwisha kuwekwa wakfu kuwa askofu. Na kanisa kuu la Mtakatifu Petro, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1903, bado linaviangalia vijumba vya kisiwa kile kama meli iliyokosa njia ikapanda nchi kavu. Mwenzake Maples, Arkidiakoni William Percival Johnson, ambaye macho yake yalikuwa mabovu na ambaye alizunguka pande zote za ziwa kwa muda wa zaidi ya miaka 40, alifariki mwaka 1928 akazikwa Liuli. Nyuma yao, milimani, Wabenediktini wa Peramiho walifungua Kigonsera mwaka 1899 na Litembo mwaka 1914. Kitabu kilichosomwa Likoma kilisomwa pia Liuli na Cobué. Likoma yenyewe imo ndani ya maji ya Msumbiji, ikamilikiwa na Malawi kwa sababu ya wamisionari hao hao, na Uingereza na Ureno zilithibitisha hivyo kwa mapatano ya mwaka 1954. Ikiwa dini ndiyo iliyozigawa hukumu, ilizigawaje ndani ya parokia moja?

Liko tukio moja la ufuko huu ambalo hunisaidia kufikiri kila ninapolikumbuka. Kabla ya vita vya mwaka 1914, nahodha Rhoades wa manowari ya Kiingereza Guendolen na nahodha Berndt wa meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann walikuwa marafiki wa kunywa pamoja, wakikutana bandari hii na ile. Agosti mwaka ule Rhoades alipata amri, akaja mpaka Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa ajili ya jabali lake lenye umbo la sphinx, akaipiga mzinga meli ya rafikiye iliyokuwa imepandishwa pwani kutengenezwa. Berndt hakuwa na habari ya vita. Alipiga makasia akamwendea mwenzake kwa hasira kumuuliza kama amelewa, na akaambiwa kwamba yeye sasa ni mateka. Baina ya watu wawili wale hapakuwa na ugomvi. Ugomvi uliwajia katika karatasi. Na sheria za jinai za ziwa hili, kwa sehemu kubwa, ziliwajia wenyeji wake kwa njia iyo hiyo.

Lakini kabla ya karatasi, yafaa tukiri jambo ambalo wapenzi wa neno "mila" hawapendi kulisikia. Wanasema kwamba habari hii ni ngeni, imeletwa na Wazungu. Kiswahili chenyewe kinatoa ushahidi mwingine. Askofu Edward Steere wa misheni hiyo hiyo ya UMCA, katika kitabu chake cha lugha ya Unguja kilichotoka mwaka 1870, aliliandika neno shoga kuwa ni jina ambalo wanawake wa Unguja huitana kwa urafiki, kisha akaongeza kwamba Lamu neno hilo hilo lina maana nyingine, ile ambayo leo imelimeza neno zima hata mabibi wa Unguja walio wakongwe hulitumia kwa tahadhari mbele ya wageni. Neno hanithi lilikuja kwa Kiarabu zamani za mbali zaidi. Mwaka 1899 Oscar Baumann, Mwaustria aliyekaa Unguja, alichapisha makala katika jarida la Kijerumani la elimu ya makabila akieleza watu wa namna hiyo aliowaona mjini, wanaume kwa wanawake, pamoja na majina waliyoitwa. Mahali penye majina hapakosi wenye kuitwa. Walakini kujulikana si kukubaliwa, na nisingependa msomaji aione Lamu ya kale kuwa bustani ya uhuru: maneno haya aghalabu yalikuwa ya dhihaka, na mwenye kuitwa hivyo aliishi kwa kustahimili kicheko cha majirani. Kicheko, hata hivyo, hakina mlango wa chuma.

Na vijana wa ziwani walijifunza mengine walikokwenda kutafuta kodi ya kichwa. Kampuni ya kuajiri wafanyakazi wa migodi, WENELA, ilichukua wanaume kutoka Nyasaland, kutoka Msumbiji na kutoka kusini ya Tanganyika, ikawashusha katika mashimo ya dhahabu ya Johannesburg na kuwalaza katika mabweni yasiyoruhusu mke wala mtoto. Humo, mapema kabisa katika karne iliyopita, ilikuwapo desturi ya mchimbaji mzima kumwoa kijana, akamhudumia na kumpa zawadi, na kijana akampikia na kumfulia na kulala naye, kwa kanuni zilizojulikana na wakuu wa mabweni. Mmisionari Mswisi Henri-Alexandre Junod aliiandika kwa uchungu, na mwaka 1907 serikali ya Transvaal iliifanyia uchunguzi. Waliotajwa zaidi walikuwa watu wa kusini ya Msumbiji. Walirudi kwao, wakaoa, wakajenga, wakaitwa wazee. Nadhani msomaji mwenye babu aliyekwenda "Joni" anaelewa kwa nini babu alisimulia habari za treni na viatu, akanyamaza penginepo.

Sasa tuzifuate karatasi. Ya kwanza ilikuwa ya Mjerumani, na kisa chake ni kizuri kuliko vyote kwa kuonyesha sheria za namna hii hufanya kazi gani. Kanuni ya adhabu ya Ujerumani ya mwaka 1871, katika kifungu chake cha 175, iliadhibu tendo baina ya wanaume, na kifungu hicho kiliwafuata Wajerumani mpaka Afrika ya Mashariki. Waafrika wao waliwekwa chini ya bwana wilaya na kiboko chake, ambacho hakikuhitaji tarakimu za vifungu. Mwaka 1906, moshi wa Maji Maji ukiwa haujatulia, mwaka ule ule ambao wakubwa wa Wangoni walinyongwa Songea, alikuja gavana mpya, Albrecht von Rechenberg, mtu aliyejua Kiswahili na aliyeamini kwamba koloni litaneemeka kwa mkulima Mwafrika na mfanyabiashara Mhindi kuliko kwa mlowezi. Walowezi hawakumsamehe. Gazeti lao la Dar es Salaam, chini ya Willy von Roy, lilieneza kwamba gavana hulala na wanaume, na uvumi ukawataja watumishi wa nyumbani mwake. Shauri likafika mahakamani mwaka 1910 kwa jina la kashfa, na von Roy akapatikana na hatia. Mimi sina haja ya kujua gavana alilala vipi. Ninachokiona ni kwamba ugomvi ulikuwa wa ardhi, kodi na vibarua, na kwamba watu walioshindwa kumwangusha mpinzani wao kwa hoja waliona kifungu cha 175 kimelala mezani, wakakiokota. Tangu siku ile mpaka leo sijaona nchi ya Afrika ya Mashariki ambayo jambo hili lilivuma ndani yake bila ya kuwapo, nyuma ya pazia, ugomvi mwingine uliokuwa ukitafuta silaha.

Mwingereza alipoichukua Tanganyika aliiazima kwanza, mwaka 1920, kanuni ya adhabu ya India, ile iliyotokana na rasimu ya Macaulay na kupitishwa mwaka 1860, yenye kifungu cha 377 mashuhuri. Miaka kumi baadaye akaitupa, akaleta nyingine, na safari ya hii nyingine inastahili kusimuliwa polepole. Iliandikwa na Sir Samuel Griffith, jaji wa Queensland huko Australia, ikapitishwa mwaka 1899 kwa ajili ya wafugaji wa kondoo na wachimba dhahabu wa nchi ile. Ikavushwa bahari mpaka Nigeria ya Kaskazini mwaka 1904. Na kutoka Nigeria makarani wa Wizara ya Makoloni, ambao waliona ni taabu bure kuandika upya kile kilichokwisha andikwa, waliinakili kwa makoloni ya mashariki, hata mnamo mwaka 1930 Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland zikajikuta zina kitabu kimoja chenye majalada manne. Ndani yake mlikuwa na ile ibara inayokataza tendo "kinyume cha maumbile" na adhabu yake ya miaka 14. Leo mtu wa Mbinga akilisema neno hilo, kinyume cha maumbile, hulisema kama kwamba amelirithi kwa bibi yake jikoni. Na kweli limekwisha kuwa Kiswahili fasaha, wala silionei haya. Ila asili yake ni Kilatini cha wanateolojia wa Ulaya, kikapita vinywani mwa mawakili wa London, kikapelekwa Brisbane, kikarudi kwa njia ya Nigeria, kikapanda mlima wa Wamatengo katika mkoba wa hakimu. Uingereza yenyewe ilianza kuilegeza sheria yake mwaka 1967, mwaka ule ule Nyerere na Banda walipokuwa wakiugombea ufuko.

Upande wa pili wa Chiwindi karatasi ilitoka Lisbon. Ufaransa ya mapinduzi ilikuwa imeliondoa kosa hili katika jinai mwaka 1791, na nchi zilizochota sheria kutoka kisima chake, Ureno katika kanuni yake ya mwaka 1852 ikiwa mojawapo, nazo hazikuliandika. Wareno hawakudumu katika ukimya huo. Kanuni ya mwaka 1886, na hasa mabadiliko yake ya mwaka 1954 katika zama za dikteta Salazar, iliweka katika kifungu cha 70 na cha 71 kile walichokiita hatua za usalama dhidi ya watu waliozoea maovu yaliyo kinyume cha maumbile: mtu kama huyo aliweza kuwekewa dhamana ya mwenendo mwema, au kupelekwa kwenye nyumba ya kazi, au kuzuiwa asifanye kazi yake. Tafakari tofauti ya sheria hizi mbili. Ya Mwingereza humtafuta mtu kwa tendo moja, usiku mmoja, ikamtia ndani kwa hesabu ya miaka. Ya Mreno humtazama kwa mazoea yake, ikamweka katika kapu moja na mzururaji na mwombaji. Sheria ya tendo, mwenye kuishika huiona kama amri ya Mungu, na kuifuta huonekana kama kuhalalisha dhambi. Ya mzururaji huchakaa kama tangazo la zamani ukutani, na siku ya kupaka rangi hakuna anayelililia.

Haya yasimfanye mtu akawaonea wivu majirani zetu wa Niassa. Mkoa huo, unaokabiliana nasi kwa mto Ruvuma na kwa ziwa, ndio ambao serikali ya FRELIMO baada ya uhuru wa mwaka 1975 iliutumia kuwa mahali pa makambi ya kuwaelimisha upya watu iliowaona wapotovu, na mwaka 1983, katika kile kilichoitwa Operesheni ya Uzalishaji, maelfu ya watu wa mijini waliokamatwa bila vitambulisho au bila kazi, malaya na wasio malaya, walipakiwa katika ndege na kutupwa porini huko. Kitabu kilikuwa kimya, na serikali haikuwa pole. Sisi nasi, miaka ya mwisho ya 1960, tulikuwa na Operesheni Vijana ya kupima urefu wa sketi za wasichana, na Malawi ya Banda mwaka 1973 ilitunga sheria kamili dhidi ya suruali za wanawake na nywele ndefu za wanaume. Dola changa zote za ziwa hili zilipenda kulisimamia vazi na mwili wa raia. Zilitofautiana tu katika chombo zilichokikuta mezani.

Baada ya vita vyao vya ndani Wasumbiji waliketi kuandika sheria zao upya. Sheria ya kazi ya mwaka 2007 ilikataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya mwelekeo wake wa mapenzi, jambo lililopita bila kelele kubwa. Januari 2014 rais mstaafu Joaquim Chissano, yule yule aliyeishi kwetu katika miaka ya ukombozi na aliyewahutubia wakuu wa Umoja wa Afrika kwa Kiswahili mwaka 2004, aliwaandikia viongozi wa bara barua ya wazi akiwasihi wasiwanyime watu haki kwa sababu hiyo. Na tarehe 31 Desemba 2014 ilitoka kanuni mpya ya adhabu, iliyoanza kutumika katikati ya mwaka uliofuata, ambayo haikuvibeba vile vifungu vya 70 na 71. Mjadala mkali wa kanuni hiyo ulikuwa juu ya ibara iliyotaka kumsamehe mbakaji akimwoa aliyembaka, na akina mama wa Maputo waliandamana kuipinga. Vifungu vya Salazar vilizikwa bila ya matanga. Hata hivyo chama cha kutetea watu hawa, Lambda, kilichoomba kusajiliwa mwaka 2008, kilizungushwa miaka na miaka bila kupewa cheti, kwa maana kuondoa adhabu na kumpa mtu kiti ni mambo mawili.

Kwetu mambo yalikwenda kinyume, na kwa njia ambayo yumkini wengi hawaikumbuki. Mwaka 1998 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya makosa ya kujamiiana, ambayo wengi huijua kwa jina la SOSPA, baada ya miaka ya kilio cha wanawake, waandishi wa habari wanawake wa TAMWA wakiwa mstari wa mbele, dhidi ya ubakaji, ukeketaji na unajisi wa watoto ambao mahakama zilikuwa zikiuadhibu kwa vifungo vya kuchekesha. Kilio kile kilikuwa cha haki. Lakini kapu lilipobebwa lilizoa na kilichokuwa pembeni: kifungu cha 154 cha Sura ya 16, kisichouliza kama aliyetendewa ni mtoto aliyelazimishwa au mtu mzima aliyeridhia, kikapandishwa pamoja na ubakaji kutoka miaka 14 mpaka 30 kwa uchache. Kwa hiyo adhabu ambayo leo huhesabiwa kuwa sauti ya mababu ina umri mdogo kuliko simu za mkononi mijini mwetu, na ilipandishwa na watu waliokuwa wakimfikiria mbakaji. Miaka 20 baadaye, Oktoba 2018, mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alitangaza kamati ya kuwasaka mashoga, na Wizara ya Mambo ya Nje ikatoka kusema kwamba hayo ni maoni yake yeye, si msimamo wa serikali.

Malawi ndiko jambo lilikojianika zaidi. Mwishoni mwa Desemba 2009 wawili mjini Blantyre walifanya chinkhoswe, ile sherehe ya posa ambayo kila Mnyasa anaijua, na baada ya siku mbili wakawa mikononi mwa polisi; Mei 2010 walihukumiwa miaka 14 na kazi ngumu, hesabu ile ile ya Griffith, na kabla ya mwezi kwisha Rais Bingu wa Mutharika akawasamehe, akiwa amesimama na Ban Ki-moon wa Umoja wa Mataifa, huku akisema kwamba walikosea. Angalia kilichofuata. Wafadhili wakakasirika, wabunge wakakasirikia hasira za wafadhili, na katika muda huo huo Malawi ikaongeza kifungu kipya cha kuwaadhibu wanawake, ambao Griffith hakuwa amewataja. Mwaka 2012 Rais Joyce Banda akasema sheria itafutwa, kisha haikufutwa. Na tarehe 28 Juni 2024 Mahakama Kuu ikakaa kama mahakama ya katiba na kuamua kwamba vifungu vile vibaki. Sheria ambayo Mwingereza aliileta bila kuwauliza wenyeji ikawa ndiyo ngome ya wenyeji dhidi ya Mwingereza. Sijui kinaya kilichokomaa kuliko hiki katika tarehe ya ziwa.

Asije mtu akadhani kwamba nimemaliza hesabu kwa kutaja London na Lisbon. Burundi ilirithi sheria za Kibelgiji zisizokuwa na kosa hili, ikaliandika kwa mkono wake yenyewe Aprili 2009, Rais Nkurunziza akitia saini. Rwanda, yenye urithi ule ule na vilima vile vile, ilikataa kuliandika. Namibia ilibaki na katazo la Makaburu mpaka mwaka 2024, na bado Afrobarometer, iliyowauliza watu wa nchi 33 za Afrika kama wangechukia kuishi jirani na mtu wa namna hiyo, ilikuta asilimia 55 ya Wanamibia hawajali, karibu sawa na Wasumbiji, asilimia 56, wakati wastani wa nchi zote ulikuwa 21 na Uganda 5. Uganda hiyo ndiyo iliyokwenda mbali kuliko sote, mwaka 2014 kwa sheria iliyobatilishwa kwa kukosa akidi, na mwaka 2023 kwa nyingine iliyofikia adhabu ya kifo. Kitabu cha mkoloni, basi, ni kuni; moto huwashwa na mwenye nyumba, na aghalabu huwashwa katika majira ya uchaguzi, au fedha za wafadhili zinapopungua, au mkubwa anapohitaji kuonekana mlinzi wa kitu asichoweza kukilinda kwa njia nyingine. Msumbiji haikuwa na watu wema kuliko Mbinga. Ilikuwa na kuni chache.

Ule mgogoro wa mpaka nilioanza nao ulipelekwa, baada ya kuzuka tena mwaka 2012, mbele ya jopo la viongozi wastaafu wa Afrika, na mwenyekiti wa jopo hilo alikuwa Joaquim Chissano, ambaye aliiandika ile barua yake huku majalada ya ziwa yakiwa mezani pake. Jopo lilisikiliza, likashauri, na mstari haukuchorwa. Kwa hiyo mtu aliyesimama majini Mbamba Bay asubuhi hii, akipokea ndoo ya usipa, kwa hesabu ya Dodoma yu chini ya kifungu cha 154 na miaka yake 30, na kwa hesabu ya Lilongwe yu chini ya kifungu cha 153 na miaka yake 14.